Mchanga Tulioupima kwa Wimbo

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo za maabara, buti na kofia ngumu. Funguo na buti zilipokelewa. Kofia waliikataa, wakasema imechakaa hata haifai kuingizwa stoo, kwa hivyo naivaa hapa nyumbani Tulia nikiangua mapapai. Inafanya kazi vizuri kuliko ilivyowahi kufanya kazini.

Siku ile ya kuagana, nyinyi vijana mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitaandika juu ya nyundo na mchanga, na kosa moja ambalo najua mmelisikia vipande vipande, kila mtu na kipande chake. Kipande cha yule anayesema nilikimbizwa na punda si cha kweli. Punda alikuwepo, lakini hakunikimbiza.

Nilianza kazi Sultan Hamud, katika chumba kimoja nyuma ya hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, na juu ya mlango kulikuwa na kibao cha maabara ya udongo kilichoandikwa kwa rangi iliyobaki kwenye mkebe. Mkuu wetu alikuwa Injinia Wanyoike, mtu wa Murang'a ambaye baba yake alikuja mjini hapo kufanya biashara na hakurudi. Siku yangu ya kwanza nilifika na cheti changu ndani ya bahasha. Hakukitazama. Alinisukumia sinia la udongo akasema, "Weka kidogo kwa meno."

Nilidhani ananijaribu kama nina adabu. "Injinia, hapa ng'ombe wamepita."

"Ndiyo maana nimesema kidogo."

Niliweka. Akaniuliza kama unakwaruza au unateleza. Nikasema unakwaruza. Akasema basi huo una vumbi la mchanga ndani yake, si udongo wa mfinyanzi mtupu, na kwamba chuo kingenichukua muhula mzima kuniambia hivyo. Nimeuma udongo tangu siku hiyo mpaka wiki jana. Meno yangu yako yote, asanteni kwa kuuliza.

Kisha akanionyesha nyundo. Nyinyi mnaitumia ile ya mashine, kwa hivyo wacha niieleze yetu. Ilikuwa chuma cha kilo sitini na tatu na nusu, kilichofungwa kwa kamba inayopita juu ya tripodi ya mabomba matatu. Wanaume wanavuta kamba, chuma kinapanda sentimita sabini na sita, wanaachia, kinaangukia bomba lililo ndani ya shimo. Juu ya bomba unachora alama za chaki. Sentimita kumi na tano za kwanza hazihesabiwi, maana udongo wa hapo umevurugwa na kuchimba. Baada ya hapo unasimama kidogo, halafu unahesabu ni mapigo mangapi yanashusha bomba sentimita thelathini, mpaka alama ya mwisho ifike mdomo wa shimo. Mapigo yakiwa mengi, udongo umeshika. Yakiwa machache, umelegea. Ni jambo la kufundishwa kwa dakika tano, na mimi nililikosea miezi miwili.

Winchi yetu ya kuvutia kamba ilikuwa na injini iliyopenda kulala, kwa hivyo tulihitaji watu wa kuvuta. Injinia aliniuliza kama nawajua wanaume sita wenye nguvu wasiokunywa. Niliwajua. Walikuwa safu ya nyuma ya kwaya yetu ya kanisa hapa Tulia, sauti ya nne na ya tatu, pamoja na mwalimu wao Mutinda, ambaye sote tulimwita Baba Mwende. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua cha pipa, na alikuwa mkali kwa mambo mawili tu: kuchelewa, na kuacha mstari wa wimbo njiani. Aliwahi kumfungia mtu nje ya mazoezi wiki tatu kwa sababu alikohoa mahali pa kumalizia.

Kazi iliyonifunza maana ya haya yote ilikuja mwaka wangu wa pili. Kusini mwa Kitui kulikuwa na uwanja mdogo wa ndege, kando ya mto wa mchanga. Jina lake nitaliacha. Ulikuwa wa murramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, na ndege zilizotua hapo mara nyingi zilikuja kuchukua wagonjwa. Sasa ulitakiwa kurefushwa upande wa mtoni, na mwisho wake lijengwe jumba dogo la kungojea, lenye chumba cha kulaza mgonjwa mpaka ndege ifike. Swali letu lilikuwa moja: ardhi ikitetemeka, upande ule wa mtoni utashika?

Watu hucheka wakisikia habari ya tetemeko Ukambani. Lakini Bonde la Ufa haliko mbali, na vikombe vya kabati la mama yangu vimegongana zaidi ya mara moja. Tena, uwanja wa ndege ndio mahali unapopahitaji kesho yake, barabara zikishavunjika. Ukivunjika na wenyewe, basi.

Asubuhi ya kwanza nilisimama katikati ya ule mto, mkavu kama ubao, nikamwambia Baba Mwende sioni shida iko wapi. Hapo ndipo alipopita Susu Kalekye, mama mzee wa kijiji cha jirani, na punda wake wawili na madebe. Yeye na wenzake wa kikundi cha akina mama walikuwa wamejenga bwawa la mchanga chini kidogo ya hapo, ule ukuta wa kuzuia mchanga wa mto ili maji yajifiche ndani yake, na kila asubuhi walifukua visima vifupi wakachota. Alinisikia.

"Unasema hakuna maji?" akaniuliza. "Njoo nikuonyeshe, mwiitu, msichana wangu."

Akanipeleka kwenye kisima chake, shimo la kina cha goti. Pembeni yake mchanga ulikuwa mgumu, nikasimama juu yake na buti zangu bila wasiwasi. Punda wa pili akachoka kungoja, akaanza kupigapiga kwato. Piga, piga, piga. Nikaona mchanga chini ya miguu yangu unang'aa, maji yanapanda juu, na kufumba na kufumbua nilikuwa nimezama mpaka nusu ya buti kama niliyesimama ndani ya uji. Punda mwenyewe alizama miguu ya mbele, akaitoa, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefanya hivyo.

Susu alicheka mpaka akashika kiuno. "Ukitulia, inakubeba. Ukitikisa, inakumeza. Hata punda anajua hiyo, ndio maana yeye husimama kwa jiwe."

Vitabu vina jina refu la jambo hili. Ni lile lile la punda. Mchanga uliolegea ukijaa maji unabeba nyumba miaka na miaka, kisha ukitikiswa vya kutosha unageuka uji kwa dakika chache, na kilicho juu yake kinalala upande. Dawa yake ni kujua mapema umelegea kiasi gani. Na hilo hulijui kwa macho, unalijua kwa kuhesabu mapigo.

Tukaanza kuhesabu. Na kwa sababu wanaume saba hawawezi kuvuta kamba pamoja kimya kimya, walivuta kwa wimbo. Ulikuwa wimbo wake Baba Mwende, aliotunga mwenyewe kushukuru kwa mvua, na uliifaa kamba ile sana: kila mstari ulibeba mivuto minne. Nyundo ilipanda kwa neno na kuanguka kwa neno, kimo kile kile kila mara. Injinia alipokuja kututembelea alisema hajawahi kuona nyundo ya mkono inayoanguka sawa hivyo. Nami nilikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ile ile, nikaimba huku nikiandika. Sikuhesabu mapigo moja moja. Nilihesabu mistari nikazidisha kwa nne. Niliona nimekuwa mwerevu.

Tulichimba mashimo tisa. Niliandika vizuri, kwa mwandiko ule wa kalamu ya wino mnaoucheka. Injinia alipokaa na karatasi zangu pale Sultan Hamud alizigeuza mara mbili.

"Mutheu, hii mchanga yako ni ya ajabu. Nane, nane, kumi na mbili, nane, kumi na sita. Mungu hakuumba mchanga kwa nne-nne."

Nilichukia. Nilikuwa nimekaa juani miezi miwili kwa ajili ya nambari zile. "Ndivyo ulivyo, Injinia. Mto ni mmoja, mchanga ni mmoja."

Akanitazama kidogo. "Wewe ndiye ulikuwa kwa shimo," akasema. Akafanya hesabu zake, zikaonyesha kwamba upande wa mtoni utashika, ingawa kwa shida, na akatia sahihi. Ripoti ikaenda. Baada ya wiki mbili tukasikia mkandarasi ameanza kumwaga kokoto mahali pa lile jumba.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani, mstari wa mbele wa kwaya. Tukaimba wimbo wa mvua. Kidole changu kikawa kinagonga juu ya kitabu, kwa mazoea: moja, mbili, tatu, nne. Na hapo katikati ya ubeti nikaona ile chaki. Niliiona kabisa, alama nyeupe inazama kwenye mdomo wa shimo tukiwa ndio kwanza tumeanza mstari wa pili, na hakuna anayeachia kamba. Nani angeachia? Mtu wa Baba Mwende haachi mstari njiani. Nyundo ilianguka mara zote nne, wimbo ukatulia mahali pake pazuri, ndipo nikaandika. Mapigo yaliyokuja baada ya alama niliyaandika pamoja na mengine, shimo baada ya shimo, miezi miwili. Niliacha kuimba. Jirani yangu alinipiga kiwiko.

Nitawaambia ukweli, nilikaa na jambo lile siku tatu bila kumwambia mtu. Niliogopa. Kazi yangu ilikuwa ndio imethibitishwa. Wale wanaume saba niliwaleta mimi, na wake zao hukaa nami benchi moja. Na hakuna mtu mwingine duniani angejua, isipokuwa ardhi itetemeke. Nilijiambia tofauti ni ndogo. Kisha nikamkumbuka mgonjwa amelazwa kwenye chumba cha mwisho wa uwanja, anangoja ndege, juu ya mchanga wa punda. Siku ya nne nikapanda gari kwenda Sultan Hamud.

"Injinia, ile mchanga ya mtoni iko na makosa."

"Makosa ya mchanga?"

"Yangu. Tulikuwa tunaimba."

Alivua miwani. Akaniambia niimbe. Nikasimama mbele ya mzani, nikaimba wimbo wa mvua, naye akagonga penseli mezani kwa kila mvuto. Mstari wa kwanza, mara nne. Wa pili, mara moja. Akaisimamisha penseli hewani.

"Alama ikizama hapa, uliandika ngapi?"

"Nane."

"Na ni ngapi?"

"Tano."

Alivaa tena miwani. Nilingoja aniambie nichukue bahasha yangu. Akainua simu, akampigia mhandisi aliyetutuma kazi. "Ripoti yetu iko na makosa," akasema. "Wasimwage zege. Tunarudi kupima upya."

Alisema yetu. Nililia pale pale, nikajifutia na karatasi ya kuchujia maji. "Hiyo ni ya kazi," akasema. "Lia baadaye. Kwanza uende uwaambie wale waimbaji wako."

Hilo lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza. Kazini Baba Mwende aliniita Madam, kanisani aliniita Mutheu. Nilipomaliza kueleza, tukiwa pale uwanjani, aliniita Mutheu.

"Kwa hivyo, Mutheu, kuimba imekuwa makosa?"

"Si kuimba, Baba Mwende. Ni kumaliza."

"Wimbo ni lazima imalizike. Wimbo haina kona ya kushukia."

"Mchanga nayo haijui wimbo."

Alichukia, na sikumlaumu. Tukapima siku ya kwanza kimya. Ilikuwa aibu. Huyu anavuta, yule amechelewa, nyundo inaanguka kutoka kimo hiki mara hii na kile mara nyingine, na nambari zikatoka ovyo kuliko zile za wimbo. Ilipofika jioni nilizichana zote. Wanaume walikaa juu ya mabomba bila kuangaliana.

Kesho yake asubuhi Baba Mwende alikuja na uso wa mtu ambaye hakulala sana. Akawapanga kwenye kamba. "Leo tunaimba nambari," akasema. "Hakuna mstari, hakuna ubeti. Mimi naita, nyinyi mnaitika, na macho yangu iko kwa chaki. Ikifika, nanyamaza. Mtu akiendelea baada yangu, nitamfungia nje mpaka Krismasi."

Akaanza, kwa Kikamba, kwa sauti yake ile ya chini inayotoka miguuni. Imwe. Ili. Itatu. Walivuta sawa kabisa, kama zamani. Kwenye shimo la saba, lile la karibu na mto, bomba liliposhuka mita nne na mchanga ukawa umejaa maji, aliita moja, mbili, tatu, nne, tano, akafunga mdomo kama aliyemeza nzi. Kamba ikalegea. Alama ilikuwa imezama.

"Tano," akasema. Akakaa chini. "Na ile siku tuliandika nane."

"Niliandika nane."

"Tuliimba nane," akasema, na hapo nikajua hanichukii tena.

Shimo la nane likatoa nne. La tisa likatoa sita. Injinia alipofanya upya hesabu zake, upande ule haukushika. Jumba likahamishwa hadi juu, kwenye udongo mwekundu karibu na lango, na wakandarasi walilalamika vilivyo kuhusu kokoto zao. Mchanga wa mwisho wa uwanja ulichimbwa wakati wa kiangazi, maji yakavutwa na pampu, ukarudishwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa na rola. Tukapima tena baada ya hapo. Baba Mwende aliita nambari mpaka sauti ikakauka, akaniomba maji akicheka.

Nilimuuliza Injinia kama atatafuta wavutaji wengine. Akasema hapana, hawa kosa lao tayari tunalijua, wageni watakuja na lao. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, huku Makueni na huku Kitui, hadi Mtito Andei, ambako tulipima uwanja mwingine huku nyani wakituibia chaki. Mambo niliyoyapenda ni mengi kuliko niliyoyachukia. Nilipenda harufu ya udongo unaotoka ndani ya bomba mara ya kwanza. Nilipenda chai ya maziwa iliyochemshwa juu ya mawe matatu, na Susu Kalekye akituletea viazi vitamu kila tulipopita na kuniuliza, mpaka alipofariki, kama sasa nimeanza kusimama kwa jiwe.

Sasa mashine ndiyo inayoinua nyundo, na nambari zinaingia zenyewe kwenye ile tableti. Ni vizuri. Lakini simameni karibu na shimo, na nambari zikija zikipendeza sana, zitilieni shaka. Nimewahi kukuta fundi mmoja, mtu mzuri, ambaye nambari zake zote ziliishia na tano au sifuri. Hakuwa mwimbaji. Alikuwa mvivu tu.

Miaka kadhaa iliyopita, alasiri, chupa za maabara ziligongana na mzani ukacheza. Sekunde chache tu. Nilikimbia nje na wengine, kisha nikampigia Kioko, mtunzaji wa ule uwanja.

"Hapa hakuna kitu, mwaitu," akasema, akiniita mama kwa Kikamba. "Mbuzi walisimama wakaangalia, halafu wakaendelea."

"Na mwisho wa uwanja, upande wa mto?"

"Iko. Nimetembea juu yake sasa hivi kuwafukuza hao mbuzi. Ndege imeitwa saa kumi, kuna mama wa uzazi, tayari amelazwa kwa jumba."

Nilimpigia Injinia Wanyoike, ambaye alikuwa amestaafu na kufuga nyuki. Aliniambia nisijisifu, tetemeko lilikuwa dogo, pengine hata nane yangu ingesimama. Ni kweli. Sijui kama tulimwokoa mtu yeyote, wala hakuna hesabu ya kunijulisha. Najua tu kwamba jioni hiyo nilikula nikashiba.

Sasa juzi Jumapili kanisa la hapa Tulia lilinifanyia ibada ya shukrani. Mchungaji, ambaye ni mgeni kwetu, alisoma historia yangu kutoka kwa karatasi na kuniita mtaalamu wa matetemeko, jambo lililoshangaza mbuzi na watu pia. Kisha akasema kuna wazee wameomba kuimba. Wakasimama wanne waliobaki wa safu ya nyuma, na mbele yao Baba Mwende, mvi tupu, amemshika bintiye Mwende mkono. Akainua kidole.

Ulikuwa wimbo wa mvua. Mstari wa kwanza wakauimba wote, polepole, kwa uzito ule ule wa kamba. Neno la kwanza la mstari wa pili likatoka, na Baba Mwende akafunga ngumi. Wakanyamaza pale pale. Kanisa zima likabaki midomo wazi likingoja kilichobaki. Kilichobaki hakikuja. Wazee wakaketi.

Mimi nilikuwa nimefunika uso kwa leso.

Mchungaji akainama kwenye kipaza sauti, kwa upole, kama anayemsaidia mzee aliyesahau. "Baba, mbona hamjamaliza?"

"Imefika alama, Pasta," akasema Baba Mwende.